Barua ya wazi: Mama yangu hakukataa matibabu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mganga Mkuu wa Serikali. Kwa wakurugenzi wa hospitali zinazotibu saratani. Na kwa ninyi mnaopanga kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, cha bima ya afya kwa wote.

Yah: Maneno mawili kwenye faili la mgonjwa

Waheshimiwa,

Maneno yenyewe ni haya: "Amekataa matibabu." Yaliandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye faili la mama yangu, yakapigiwa mstari, kisha dada wa mapokezi akayaingiza kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo, kila dirisha tunalofika tunakuta yameshatutangulia.

Hospitali siitaji, na sitasema hata kama basi letu lilielekea kusini au kaskazini. Sikuja kumchongea mtu. Daktari aliyeandika hakuwa mkorofi, tena alitusikiliza kuliko wengi. Ila fomu aliyokuwa nayo mezani ilikuwa na visanduku viwili, cha kukubali na cha kukataa, na mama hakuwemo katika hata kimoja. Mimi ni mhasibu. Najua kiasi kikiingizwa kwenye safu isiyo yake, hesabu haifungi hata ukeshe.

Mama ana miaka 76. Alifundisha shule za msingi mkoani Tanga hadi akastaafu, zaidi darasa la pili na la tatu, wale wanaojifunza kushika kalamu. Ana sukari ya miaka mingi, figo zimeanza kuchoka, na nyayo zake zina ganzi kiasi kwamba ndala humtoka mguuni bila yeye kujua. Mwaka jana alikwenda kliniki ya sukari kama kawaida yake. Daktari kijana akampapasa shingo, akakutana na tezi juu ya mtulinga wa kushoto, ngumu, ukubwa wa punje ya harage. Haiumi. Mama alikuwa anakula vizuri, hajakonda, anamwagilia mchicha wake asubuhi na jioni.

Ultrasaundi ikaonyesha vivimbe vitatu kwenye ini, kikubwa kina sentimita 3. Wakachukua kinyama pale shingoni. Majibu yakaja: adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza majimaji na ute, na hapo shingoni na kwenye ini ilikuwa imehamia tu. Imetoka wapi? Wakapima matiti, safi. Wakamshusha mpira tumboni, safi. Siti skani ya kifua na tumbo, ambayo ilitutoa zaidi ya laki tatu, nayo haikuona kingine. Maabara ikapaka zile rangi maalumu za kutambua asili ya chembe, zikaelekeza kwenye mapafu, au matiti, au mirija ya nyongo, au kongosho. Yaani popote.

Ndivyo tulivyojifunza kuwa kuna saratani ya chanzo kisichojulikana. Sijawahi kuona utepe wake wa rangi wala matembezi yake ya hisani, ingawa katika kila wagonjwa 100 wa saratani, kati ya 2 na 5 huangukia humo. Chanzo kipo, ila ni kidogo mno, au mwili umeshakifuta kikabaki watoto wake tu. Uchunguzi wa maiti katika nchi zilizoufanya mara nyingi ulikikuta baadaye, hasa kwenye mapafu au kongosho. Mama alipoelezwa hivyo alisema, "Kwa hiyo mwizi mnamwona ndani, ila hamjui aliingilia mlango gani." Daktari akacheka, akakubali.

Sasa naomba hapa msinisome haraka, kwa sababu kuna watu wataichukua barua hii wakaitumia vibaya. Si kila mwenye saratani ya namna hii anapaswa kusubiri. Katika kila 100, kama 15 hadi 20 wamo katika makundi yanayotibika vizuri. Mwanamke mwenye tezi za kwapani peke yake hutibiwa kama mgonjwa wa saratani ya titi, na wengi wanapona. Mwenye tezi za shingo za aina ya chembe bapa, zile za utando wa mdomo na koo, hupewa mionzi, au upasuaji, na hupata miaka. Mwanamume ambaye ugonjwa umekaa kwenye mifupa na kipimo chake cha tezi dume kiko juu hutibiwa kama mgonjwa wa tezi dume. Kwenye benchi la kliniki tulikaa na binti mmoja muuza vitenge, wa hilo kundi la kwapani. Alipoteza nywele, alitapika, alilia, akamaliza dripu zake zote za dawa ya saratani. Sasa hivi ananitumia picha za mzigo mpya kila mwisho wa mwezi. Huyo angesubiri angekuwa amejiua. Na anayeacha vipimo akakimbilia mizizi simhesabu kuwa amechagua kufuatiliwa. Huyo amepotea njia, na mama yangu asiwekwe naye fungu moja.

Mama hakuwemo katika makundi hayo mazuri. Ini lilikuwa limeshaguswa, na kwa walio upande huo wengi hawafikishi mwaka, hata wakipewa dawa. Dawa zinazotumika sana ni karboplatini pamoja na paklitakseli. Ya kwanza dozi yake hukokotolewa kwa kuangalia figo, na hushusha chembe za damu. Ya pili huleta ganzi ya vidole na nyayo, ganzi ileile ambayo sukari ilikwisha kuileta. Kuna matumaini mapya ya dawa zinazochaguliwa kwa kusoma vinasaba vya uvimbe. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa waliopewa tiba ya namna hiyo walikaa miezi 6.1 ugonjwa ukiwa umetulia, na waliobaki kwenye kemo ya kawaida, yaani dawa kali za dripu, miezi 4.4. Ni hatua, siibezi. Lakini dirisha tulilosimama sisi kipimo hicho hakikuwa kwenye orodha ya bei.

Mama alimuuliza daktari bingwa maswali kama anayesahihisha mtihani.

"Daktari, mwanangu, dawa hii itaniponya?"

"Hapana, Mama. Inaweza kuupunguza mwendo."

"Kwa muda gani?"

"Miezi. Siwezi kukuahidi mingapi."

"Na miguu yangu? Na figo?"

Daktari alinyamaza, kisha akasema ukweli, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema miguu ingezidi, na figo wangelazimika kuzichunga sana.

"Basi mimi leo siumwi. Nikikaa bila dripu, nikawa nakuja mnanipima, siku mambo yakigeuka nitakuta mlango umefungwa?"

"Hapana, Mama. Mlango uko wazi."

Halafu akavuta fomu.

Kabla sijafika kwenye fomu, niseme ya nyumbani, maana wengi wenu mnadhani uamuzi huu hufanyika kwenye chumba cha daktari. Kwetu ulifanyika kwenye kikao cha ukoo, Jumapili, chini ya mwembe, na mgonjwa aliitwa mwishoni kama mtoto aliyevunja kioo. Mjomba alishapata mnunuzi wa kipande cha minazi. Kundi la WhatsApp la familia lilikuwa na michango ya siku tatu: shangazi wa Muscat katuma, binamu wa Mombasa katuma, jirani tusiyekuwa tunasalimiana naye katuma. Mchango wa ugonjwa ukishaanza, mgonjwa hawi wake tena. Kila shilingi inayoingia inamsukuma kwenda kitandani. Utamwambiaje mtu aliyeuza mbuzi kwamba mama ameamua kubaki nyumbani na mchicha wake? Mdogo wangu wa kiume alisimama akaniambia mbele ya wote kuwa mimi nimemkatia tamaa mama kwa sababu naijua bei. Maneno hayo bado yamo kifuani. Tumesameheana, lakini yamo.

Mama aliwaacha waseme wote. Kisha akasema hivi, nami niliyaandika nyuma ya bahasha ya vipimo: "Nimewasikia. Hakuna aliyeniuliza naogopa nini. Kufa siogopi kama ninavyoogopa kufa nikiwa safarini kwenye basi, na mpira mkononi, nikitapika mapajani kwa mtu nisiyemjua. Nataka nitazamwe. Nikianza kuumwa nitibiwe kuumwa. Dawa kali ikiwa na faida siku moja, mniambie siku hiyo." Mjomba aliguna, akaomba chai. Minazi haikuuzwa.

Waheshimiwa, sentensi hizo za mama zina mpango wa tiba ndani yake. Si maneno ya kukata tamaa. Alipoyarudia kwa bingwa, yule alikubali kabisa, wakapanga kwa mdomo: kila baada ya miezi miwili uzito, damu, kazi ya ini na figo, ultrasaundi kila miezi minne, na akigeuka macho ya njano, akikonda ghafla, au vivimbe vikikua kwa kasi, wakae tena waongee, ikiwezekana dawa moja badala ya mbili. Huo ni ufuatiliaji. Madaktari wa tezi dume wanaufanya kila siku kwa wazee ambao uvimbe wao ni mpole, wa saratani za tezi za limfu zinazokwenda polepole nao vilevile, na hakuna anayesema wagonjwa hao wamekataa tiba. Hata miongozo ya Ulaya kuhusu saratani hii hii inakubali kwamba kwa mgonjwa dhaifu au mwenye dalili mbaya, kumtunza vizuri bila kemo ni njia halali.

Ila kwenye fomu njia hiyo haina kisanduku. Mama akasaini palipokuwepo.

Tuliporudi baada ya miezi miwili, dada wa mapokezi alibofya, akasoma, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyu alikataa, hana tarehe." Tukarudishwa chini tukaanze na rufaa mpya. Wiki tatu. Ultrasaundi tukaenda kufanya mtaani kwa pesa ile ya michango. Wanaolipia vipimo nao walitaka kwanza waone mpango wa tiba, na mpango unaosema "afuatiliwe" hawakuutambua. Kwao kipimo ni cha mtu anayejiandaa kupewa dawa. Kwa maneno mengine, mama angekubali dripu sita ambazo hakuzitaka, zote zingelipiwa bila swali. Alipotaka kupimwa tu, ambako ni rahisi mara nyingi zaidi, akaambiwa ajilipie. Nimekaa na hesabu hiyo usiku nikijaribu kuona anayefaidika. Sijamwona.

Mwezi wa nane maumivu yakaanza, chini ya mbavu za kulia. Hapo ndipo maneno yale mawili yalipouma kuliko ugonjwa. Tuliambiwa morfini ni ya wagonjwa wa kliniki ya saratani, na mama kwenye kliniki hiyo hayumo, alikataa. Siku kumi na moja alimeza vidonge vya kichwa. Mwanamke aliyekuwa akisahihisha madaftari themanini kwa usiku mmoja alikaa kitandani akiuma ncha ya khanga ili wajukuu wasimsikie.

Tuliokolewa na muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, katika hospitali nyingine, ndogo, ambayo nayo siitaji kwa kuwa sijaomba ruhusa. Alikuja nyumbani kwa pikipiki akiwa na chupa ya morfini ya maji, na bila kuulizwa akatoa na dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga choo. Kwa sababu ya figo alishauriana kwanza na daktari wake kwa simu, wakampa dozi ndogo na kuziachanisha saa. Usiku ule mama alilala. Asubuhi aliuliza nani amemwagilia mchicha.

Ninachoshangaa ni kwamba jambo hili halihitaji uvumbuzi. Uganda walianza na hospisi yao, yaani kituo cha tiba shufaa, mwaka 1993, na kufikia 2004 sheria yao iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika morfini, si madaktari peke yao. Nairobi wana hospisi tangu 1990. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, yetu ikiwemo, zilipitisha azimio kuwa tiba shufaa iwe sehemu ya matibabu tangu mwanzo wa ugonjwa mzito. Na kwa anayedhani shufaa ni chumba cha kungojea kufa: huko Boston, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwachukua wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu yao, walipata tiba kali chache zaidi mwishoni, maisha yao yalikuwa na nafuu zaidi, na waliishi miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao. Ni saratani nyingine, najua. Lakini ukiambiwa kuna dawa ya saratani ya mapafu inayoongeza karibu miezi mitatu na haipotezi nywele, ungeiweka kwenye kitita kesho.

Kwa hiyo ombi langu. Pale penye kukubali na kukataa, ongezeni mstari wa tatu: "Amechagua kufuatiliwa." Chini yake pawe na nafasi ya kuandika atapimwa nini, lini, na dalili gani zitafanya mazungumzo yafunguliwe upya. Mgonjwa mwenye mstari huo abaki na namba yake ya kliniki na tarehe yake, asianzishwe rufaa upya kana kwamba ametoka safari. Ninyi wa kitita, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023, na orodha ya huduma inaandikwa na watu, inaweza kuandikwa vizuri: vipimo vya kufuatilia vilipiwe kwa sababu hiyo yenyewe, na ziara ya nyumbani ya muuguzi wa shufaa ihesabiwe kuwa huduma. Morfini ya maji ifike hospitali za wilaya pamoja na mtu aliyefunzwa kuitoa. Na kabla ya yote hayo, mgonjwa ahakikishiwe kwamba amepimwa vya kutosha kujua kama yumo katika wale 15 hadi 20 wanaotibika. Kufuatiliwa bila kupimwa kwanza ni kutelekezwa kwa jina zuri. Hospitali zisije zikaupenda mstari wa tatu kwa sababu unapunguza foleni ya dripu. Hilo naliogopa, nalisema waziwazi.

Kuna jingine ambalo sijui mtaliandikaje kwenye waraka, nalo ni muda. Mazungumzo ya mama na bingwa yalichukua kama dakika ishirini na tano, na nje kulikuwa na watu arobaini wakigonga mlango. Yule daktari aliiba dakika hizo kutoka kwa wengine. Laiti angekuwa na muuguzi mshauri wa kuendeleza pale alipoishia, kuwaita ndugu, kumweleza mjomba kwa nini minazi isiuzwe. Nyumba nyingi zinauza shamba kwa kukosa mtu wa kuwaambia jambo hilo kwa upole na kwa mamlaka.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Kile kivimbe kikubwa kilikuwa sentimita 3, kikawa 3.4, kipimo cha mwisho kilisoma 4.1. Macho ni meupe bado. Uzito umeshuka kilo mbili na anadai ni mizani ya kliniki. Anatembea hadi msikitini Ijumaa kwa fimbo, anarudi kwa bajaji. Sisemi amepona, wala sisemi kwamba kemo isingempa miezi hiyo hiyo. Hakuna anayejua. Ila miezi hii amekuwa mwenyewe, na mjukuu wa darasa la pili amejifunza kugawanya akiwa amekaa kitandani kwake.

Nilipomwambia naandika barua hii aliomba aione kwanza. Akarekebisha tahajia mahali pawili. Kisha akauliza kama nimewaambia namna ya kusahihisha faili. Nikasema sijui inavyofanyika. Akanieleza kama alivyokuwa akiwaeleza walimu wapya kuhusu daftari la mahudhurio: hufuti, hubandiki karatasi juu. Unakata kosa kwa mstari mmoja ulionyooka, lisomeke bado, unaandika lililo sahihi juu yake, unatia sahihi na tarehe.

Tarehe yetu ya kliniki ni Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Kalamu nyekundu atakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mwalimu, mkoa wa Tanga